Mkoko Mdogo, Tela Jepesi

Kama unakaa Arusha, umeshawaona. Land Cruiser yenye namba za Afrika Kusini au Namibia inapita taratibu barabara ya Moshi, vumbi hadi kwenye vioo, nyuma inavuta kitela kifupi chenye hema lililokunjwa juu na jiko la kuchomoa ubavuni. Ndani wako wawili tu. Mmoja anaendesha, mwingine ana ramani mapajani. Nyinyi mko kwenye foleni ya Sakina, kiyoyozi hakifanyi kazi, mnatazamana.

"Na sisi, mpenzi, tungekuwa nalo kama lile."

"Gari letu litalivuta kweli?"

"Si ni four wheel? Litavuta tu."

Mazungumzo kama hayo yameshawafikisha watu wengi kwenye gereji ya kuchomelea na mshiko mkononi, na miezi mitatu baadaye kwenye gereji nyingine, ile ya kufungua giaboksi. Tatizo ni swali lenyewe. Karibu gari lolote litavuta tela. Hata Vitz italitoa tela tupu getini Njiro na kulifikisha Kijenge. Kazi ngumu ni kulisimamisha pale bodaboda inapokukatizia Usa River, kulipandisha ukuta wa Bonde la Ufa pale juu ya Mto wa Mbu, na kuliteremsha siku ya kurudi likiwa linakusukuma mgongoni. Kama mna Land Cruiser ya familia ya 70, geuza ukurasa. Ile kule Australia imeandikiwa kuvuta hadi kilo 3,500 na makala hii haiwahusu. Tunaongea na nyinyi wenye RAV4, Jimny, Escudo, labda Noah, gari moja la nyumba nzima ambalo Jumatatu saa moja asubuhi lazima liwapeleke kazini.

Namba mbili, siyo moja

Kila gari lina uzito ambao kiwanda kimeruhusu livute. Tafuteni kwenye kijitabu cha gari. Najua, magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika na kijitabu, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Basi tafuteni namba za gari hilo hilo, injini hiyo hiyo, kwenye nchi nyingine lilikouzwa. Hapo mtakutana na jambo linalochanganya wengi: namba hazifanani. RAV4 ya silinda nne iliyouzwa Marekani kati ya mwaka 2001 na 2012 imeandikiwa pauni 1,500, yaani kama kilo 680. Ya V6 iliyotoka kuanzia 2006, ikiwa imefungwa vifaa vya kuvutia kutoka kiwandani, inafika pauni 3,500, karibu kilo 1,590. Ulaya, gari la ukubwa wa ile ya silinda nne huandikiwa zaidi ya tani moja, ila tela liwe na breki zake.

Na hapo kwenye breki ndipo penye mambo. Namba ya kuvuta huwa ni mbili: tela lenye breki zake lenyewe, na tela lisilo nazo. Tazama Jimny. Australia imeandikiwa kilo 1,300 kwa tela lenye breki, na kilo 350 tu kwa lisilo na breki. Gari ni lile lile, injini ile ile. Tofauti ya kilo 950 yote ni suala la kusimama.

Sasa jiulizeni, matela mangapi madogo mmeyaona Arusha yana breki? Mafundi wetu wengi hawaziweki, kwa sababu ni gharama na mteja haulizi. Kwa hiyo nyinyi soma ile namba ndogo. Uingereza na Afrika Kusini wana kipimo kinachofanana na ni rahisi kukumbuka: tela lisilo na breki lisizidi nusu ya uzito wa gari likiwa tupu, na kwa vyovyote lisizidi kilo 750. RAV4 ya zamani, zile Kilitime, ina uzito wa kama kilo 1,300 hivi, nusu yake ni 650. Mnaona namba zinakoelekea. Ukichukua ile ya Marekani ni 680, ukichukua ya nusu ni 650. Kilo 1,500 za rafiki yako wa kijiweni hazimo.

Kisha ondoeni nyingine kwa ajili ya mlima. Mji wa Arusha uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa ni nyepesi. Yaani kabla hamjafunga chochote nyuma, gari lenu limeshaacha zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ukienda Momella unaongeza mwinuko, ukienda ukingo wa Ngorongoro unafika kama mita 2,300. Kwa hiyo ushauri wangu, na wenye roho ya kujirusha mtanisamehe: chukueni robo tatu ya namba ya kiwanda na mbaki hapo. Kwa RAV4 ya kilo 680, robo tatu ni 510. Hiyo kilo 510 ni ya tela likiwa limejaa, usiku wa kuamkia safari, na kila kitu ndani.

Hesabu ya mezani

Hapo sasa ndipo wanandoa wanapoanza kufahamiana upya. Tela mlilopenda fundi amewaambia lina kilo 300. Mmefurahi, 300 ni ndogo sana kwa 510. Kaeni mezani na karatasi.

Hema la kufunga juu, lile la kukunjua na ngazi, ni kama kilo 60. Madumu mawili ya maji ya lita 20, kilo 40 za maji na mbili za plastiki. Mtungi mdogo wa gesi ukiwa umejaa, 14. Betri ya kuendeshea friji na taa, 25. Friji lenyewe na nyama, mboga na maziwa, 40. Kreti moja ya bia, 22. Tairi la akiba la tela, 18. Jeki na spana, 12. Meza na viti vinne (kwa nini vinne na nyinyi ni wawili? Kwa sababu Mtanzania hasafiri bila kutegemea wageni), 20. Sufuria, jiko na vyombo, 15. Mashuka, mablanketi na nguo, na usiku wa Meru una baridi kweli, 25.

Jumlisheni. Ni kilo 293. Tela la kilo 300 limekuwa la kilo 593, na bado hamjaweka mkaa, hamjaweka spika ya muziki, na hakuna aliyesema neno kuhusu kumchukua mdogo wake.

Mko juu kwa kilo 83. Msihamishie mizigo ndani ya gari mkadhani mmeponya, kwa sababu injini, breki na giaboksi vinabeba jumla ya vyote, gari na tela na nyinyi wenyewe. Lazima vitu vibaki nyumbani. Acheni friji na betri lake, chukueni boksi la barafu lenye chakula cha siku mbili, kama kilo 25, hapo mmeokoa 40. Bebeni dumu moja tu la maji badala ya mawili, mmeokoa 21. Kreti ibaki, zimebaki kilo 22 nyingine zimeondoka. Jumla 83. Mmefika 510 kamili, bila hata kilo moja ya ziada.

Naomba mtazame vizuri kilichotokea. Hakuna fundi aliyeguswa. Tela ni lile lile. Ila mmoja wenu amepoteza friji na mwingine amepoteza kreti, na kama hayo hayakuzungumzwa mezani yatazungumzwa kwenye kilima, gari likiwa linachemsha, boneti imefunguliwa na kila mtu amenuna. Afadhali ugomvi wa mezani. Una chai.

Kuna kilo nyingine zinapatikana kwa akili tu. Fundi akifunga kwenye tela tairi na rimu zinazofanana na za gari, idadi na nafasi za nati zikiwa sawa, basi tairi la akiba la gari linahudumia vyote viwili na mnaokoa zile kilo 18. Wasafiri wa siku nyingi hufanya hivyo. Mkienda mbali sana na mji, kwenye mawe, tairi mbili za akiba si anasa. Ila kwa wikiendi ya Duluti au Momella, moja inatosha.

Tela la aina gani

Yale matela ya nyikani ya Afrika Kusini ni bomba, hakuna ubishi. Yametengenezwa kwa Kalahari. Ila mengi yana zaidi ya kilo 700 yakiwa matupu, na hapo kwa gari lenu mazungumzo yameisha kabla hayajaanza. Msidanganyike na bei nzuri ya mtu anayehama nchi. Karavani la kulala ndani, lenye choo na sinki, nalo ni hivyo hivyo.

Kuna aina tatu zinazowafaa watu wenye gari dogo. Ya kwanza ni ile yenye umbo la tone la maji, mbele mviringo, nyuma mteremko, ndani godoro tu, na ukifungua mlango wa nyuma unakuta jiko. Siyo kitu kipya. Wamarekani waliyajenga wenyewe uani tangu miaka ya 1930, na mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated lilichapisha michoro yake, wenye vigari vidogo wakaingia kazini na mbao za plywood na bati la alumini. Fundi seremala mzuri wa Arusha na fundi wa kuchomelea wakishirikiana, hawashindwi. Uzuri wake ni kwamba liko chini, halipigwi na upepo. Ubaya wake ni kwamba ni la watu wawili tu, na lazima mpendane kweli.

Ya pili ni ya faibaglasi, umbo la yai. Mwaka 1968 kule Winnipeg, Kanada, bwana mmoja aitwaye Ray Olecko alianza kutengeneza Boler, tela la futi 13 la vipande viwili vya faibaglasi vilivyounganishwa, lenye uzito wa karibu kilo 450 tupu. Mtu analala ndani, anapika ndani, na hakuna chuma cha kuoza. Hapa kwetu hamtalikuta barabarani. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kitu: nyumba nzima ya kulala ilitengenezwa kwa uzito ambao tela letu la chuma linaufikia likiwa na mizigo kidogo tu. Uzito unatokana na malighafi kuliko ukubwa.

Na ya tatu, ambayo ndiyo wengi wenu mtaishia nayo, ni tela la boksi la kuchomelewa hapa hapa, lenye hema juu yake. Nendeni Unga Limited. Mafundi wapo, wanajua kazi. Shida yao ni moja na inatokana na uaminifu: wamezoea kutengeneza vitu vya kubebea mchanga na matofali. Ukimwambia fundi "nitengenezee tela imara" anasikia "weka chuma kinene", na anakupa. Kwa hiyo nendeni na namba. Bati moja la chuma la futi nane kwa nne, unene wa milimita 3, lina uzito wa kama kilo 70. La milimita 1.5 ni kilo 35. Boksi lenu litakula mabati matatu au manne. Hesabuni wenyewe, tofauti ni zaidi ya kilo 100, ambayo ni friji, betri, kreti na maji vyote kwa pamoja, mlivyogombania mezani! Chuma kinene kiwe kwenye fremu ya chini na kwenye mkono wa kuvutia. Kuta hazibebi kitu, ziwe nyepesi. Alumini ina kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma, ila ni ghali na si kila fundi anaweza kuichomelea. Muulizeni kwanza, msimjaribie.

Springi ni jambo lingine linalokosewa sana. Fundi atawaletea springi za pikapu zilizokaa dukani, kwa sababu zipo na ni bei poa. Springi ya kubeba tani moja chini ya tela la kilo 500 haipindi kabisa. Tela linarukaruka kama mbuzi, nati zinalegea, sahani zinavunjika, na hema linapasuka kwenye mishono. Mwambieni uzito wa mwisho wa tela, siyo wa tupu, na apunguze majani ya springi mpaka yafanane nao. Magurudumu ya tela yawe na upana sawa na ya gari ili yafuate njia moja kwenye matope. Mkono wa kuvutia uwe mrefu kidogo, maana mfupi unafanya tela liwe na kichaa wakati wa kurudi nyuma. Minyororo miwili ya usalama, imepishana chini ya mkono. Taa za nyuma, indiketa na za breki, zote. Kile chuma cha kuvutia kinachofungwa kwenye gari kishikwe kwenye fremu, siyo kwenye bampa, tafadhali sana. Bampa la RAV4 limekaa kwa ajili ya urembo.

Likikamilika, msiamini mdomo wa mtu kuhusu uzito. Lipelekeni kwenye mizani. Wanaonunua vyuma chakavu wanayo, maghala ya nafaka wanayo. Pimeni likiwa tupu, na siku ya safari pimeni tena likiwa limejaa.

Mkia unapocheza

Uzito ukishakuwa sawa, jinsi ulivyopangwa ndani ya tela inaweza kuwaua. Sisemi kwa kutisha. Tela likielemewa nyuma, linaanza kuyumba kushoto na kulia, kidogo kidogo, halafu kwa nguvu, mpaka linavuta mkia wa gari pamoja nalo. Hutokea zaidi kwenye mteremko mrefu, ukiwa na mwendo, roli linapokupita.

Kinga yake ni ndogo mno kiasi kwamba watu huidharau. Karibu asilimia 10 ya uzito wa tela lazima ikae kwenye ile ncha inayokaa juu ya gari. Tela la kilo 510, ncha iwe na kama kilo 50. Unaipimaje? Chukueni ile mizani ya bafuni, ile mnayoikwepa baada ya Krismasi. Wekeni juu yake kipande cha gogo chenye kimo cha kile chuma cha kuvutia, tela likiwa limesimama sawasawa, ncha ikae juu ya gogo, msome. Ikiwa 20, hamisheni maji na vitu vizito mbele. Ikiwa 90, rudisheni nyuma kidogo, maana sasa mnalikalisha gari makalio na tairi za mbele zinakosa kushika barabara. Vitu vizito vyote vikae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Nyuma kabisa weka mashuka.

Na likianza kuyumba mkiwa njiani? Toa mguu kwenye mafuta. Shika usukani wima. Usikanyage breki kwa nguvu, usijaribu kulisahihisha kwa kukata kushoto na kulia. Mwendo ukishuka linatulia lenyewe. Mjifunze wote wawili kabla, kwa sababu anayeendesha siku hiyo anaweza asiwe yule anayejiona fundi.

Njia zetu

Kutoka mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha mnapita Tengeru na Usa River, kisha mnakunja kushoto kuelekea Ngurdoto na Momella. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru. Mkiwa na tela jipya na dereva mpya wa tela, msipite hapo Jumamosi saa nne asubuhi. Tokeni mapema au tokeni Ijumaa.

Ndani ya hifadhi ni barabara za vumbi. Ardhi ya Meru ni ya volkano, mlima ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na udongo wake ukipata mvua za masika unateleza. Tela jepesi hapo ni neema, kwa sababu mnaweza kulifungua na kulisukuma kwa mikono. Jaribuni hivyo na la kilo 900. Kabla ya kwenda, ulizeni geti kuhusu tozo ya tela na kama kambi mnayoitaka inafikika nalo. Njia ya kupanda kuelekea mtini mkubwa ule wenye tundu ambalo gari linapita chini yake, mimi nisingeenda na tela. Liacheni kambini chini, mwende na gari peke yake. Ndiyo raha yenyewe ya tela. Huko Momella ndiko John Wayne alikofukuza faru kwa ajili ya filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, na mwenzake Hardy Krüger alipapenda mpaka akanunua shamba. Kwa hiyo mkikaa jioni mkitazama Meru upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine, na yenyewe ikikubali kujitokeza, mkaanza kupanga mambo makubwa ya maisha, hamtakuwa wa kwanza.

Safari ya Karatu ni habari nyingine. Mpaka Makuyuni na Mto wa Mbu ni tambarare, mtajisifu. Kisha ukuta unaanza. Mwenye gari la otomatiki azime O/D kabla ya kilima, siyo katikati ya kilima. Mwenye gia za mkono ashuke gia mapema. Tazameni mshale wa joto, na ukianza kupanda zimeni kiyoyozi. Noah na ndugu zake wenye gia za mkanda, zile zisizo na hatua, mimi nisingezipandisha hapo na tela kabisa. Giaboksi zile hufa kwa joto, na bei yake ukiiuliza Kariakoo utatamani ungelala hotelini. Siku ya kurudi, gia uliyopandia ndiyo uiteremkie. Breki za gari peke yake, zikisimamisha gari na tela lisilo na breki, kwenye mteremko ule zinapata moto na mguu unaanza kuzama.

Makaratasi, na nani atalirudisha nyuma

Tela ni chombo kinachosajiliwa TRA na kupewa namba zake, siyo kipande cha gari. Bima nayo msiibahatishe. Bima kubwa ya gari haimaanishi tela limo ndani. Ulizeni kampuni yenu, na jibu liwe kwenye maandishi. Leseni pia, onyesheni trafiki daraja lenu muulize kama linaruhusu.

Halafu mpige hesabu ya mahaba na hela. Mtalitumia wikiendi ngapi kwa mwaka? Sita? Wiki nyingine 46 litakaa wapi, kwenye nyumba ya kupanga, geti la mwenye nyumba lina upana gani? Kama jibu ni la kusitasita, kuna njia ya kati. Shirikianeni na wanandoa wengine wawili mnaoaminiana, tela moja, na mkubaliane mapema nani analipa beringi. Au muachane na tela, hema lile la kilo 60 likae kwenye keria juu ya gari, mkishaangalia uzito ambao paa limeruhusiwa kubeba likiwa kwenye mwendo. Kwa wenye Jimny, na kwa wenye Noah, hiyo ndiyo njia ningechagua. RAV4, tela la boksi lisilozidi kilo 250 tupu, na hapo mnaweza hata kurudisha kreti.

Mkishalipata, msiende popote kwanza. Tafuteni kiwanja cha wazi mfanye mazoezi ya kurudi nyuma, kwa sababu hakuna kitu kinachowagombanisha wapenzi haraka kama mmoja kuwa kwenye usukani na mwingine nje anapunga mikono akipiga kelele "kata! kata! siyo huko!" Tela linakwenda kinyume na usukani. Weka mkono chini kabisa ya usukani, sehemu ya saa sita, siyo juu. Mkono ukienda kushoto, mkia wa tela unakwenda kushoto. Kulia, kulia. Anayeelekeza asimame mahali anapoonekana kwenye kioo, na kama haonekani, dereva asimame. Ishara ziwe tatu tu: njoo, simama, anza upya. Nusu saa inatosha, halafu mbadilishane.

Safari ya kwanza iwe ya karibu, Duluti kwa mfano, mkae usiku mmoja na mrudi. Mkishatembea kama kilomita 10 toka nyumbani, simameni pembeni pazuri na mguse katikati ya kila gurudumu la tela. Vuguvugu ni sawa. Kama mkono haukai, beringi zimekazwa sana au hazina grisi. Geuzeni, mrudi kwa fundi polepole, na Duluti mwende wikiendi ijayo.